Pole Niliyoitoa Mapema

Kila baada ya miezi miwili au mitatu hivi, kondakta wa basi hunipigia simu niende stendi ya Shinyanga kuchukua mzigo. Siulizi ni mzigo gani. Ni mfuko wa salfeti uliokazwa kamba huku na huku, na ndani yake wamo dagaa wa Nkome, wametoka kwa rafiki yangu Minza. Nikiufungua, wapangaji wenzangu huanza kufungua madirisha mmoja mmoja, kwa adabu, bila kusema neno. Mimi hujaza kiganja nikanusa kwanza, kabla hata sijatafuta sufuria. Sijui ninyi wenzangu mliokulia huku kwenye vumbi na ng'ombe mna harufu gani inayowarudisha utotoni. Wengi hutaja mvua ya kwanza, au maziwa mgando kwenye kibuyu. Yangu ni ya dagaa, na mimi wala si mtu wa ziwani.

Mimi ni wa Samuye, kijiji cha huku huku Shinyanga. Nilikua nikijua maji kuwa ni kitu cha kubeba kichwani, na kwamba ukiyamwaga unachapwa. Minza alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, tukaazimana kifutio kimoja mpaka kikaisha, tukagombana na kupatana mara nyingi kuliko mnavyoweza kuamini. Kisha ukaja ukame. Ng'ombe wa baba yake, aliyeitwa Masanja, wakafa mmoja mmoja, na mzee huyo aibu ikamuuma kuliko njaa. Akamchukua mkewe na binti yake wakahamia Nkome, huko Geita kando ya ziwa, akajifunze uvuvi. Aliondoka akiapa mbele ya majirani kwamba hatarudi Samuye mikono mitupu. Nyuma alimwacha mama yake, Bibi Holo, kwenye nyumba ambayo ghafla ilikuwa kubwa mno.

Ilipita miaka miwili hawajaonekana. Dawatini kwangu akaletwa mtoto mwingine, mpole, mwenye daftari safi, na nilimchukia bila sababu yoyote. Halafu mjomba wangu Shija, aliyekuwa na fuso ya kupeleka mchele Geita na kurudi na dagaa, akakubali kunipeleka likizo ya Juni nikamwone Minza. Nitakaa wiki mbili, akasema, kisha atanipitia. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi Holo alipopata habari aliniita kwake, akanikalisha kwenye kigoda, jambo ambalo mtoto hafanyiwi hivi hivi.

"Kabula, ukifika mwambie Masanja anipe Minza," akasema. "Aje anichotee maji, asome hapa hapa. Umwambie yeye mwenyewe, masikioni mwake. Si mke wake, wala si Minza. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Rudia."

Nilirudia mara tatu mpaka akaridhika. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Bibi hakujua kwamba angeweza kuniambia nitembee kwa miguu mpaka Nkome na ningekwenda. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyomhamisha yule mpole wa daftari safi. Wenzangu likizo walikwenda kutembea. Mimi nilikuwa nakwenda kumchukua rafiki yangu.

Tulipita Kahama, tukashusha mchele Geita kwa wafanyabiashara wanaowalisha wachimbaji, na siku ya pili tukafika Nkome mchana. Nilipoliona ziwa nilimwuliza mjomba ng'ambo iko wapi. Akasema ipo. Nilitazama tena, nikaamua ananitania.

Mama Minza alikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anageuza dagaa waliotandazwa kwenye nyavu juu ya mchanga. Alinikumbatia kwa mikono yake yenye magamba, akaniuliza habari za nyumbani kwa Kisukuma chetu.

"Ng'wana wane! Mhola Samuye?"

"Mhola, mayu. Shikamoo."

"Marahaba gete! Umekuwa mrefu, wanakulisha nini?"

Minza yeye alitokea nyuma ya chanja cha kuanikia samaki, akaninyang'anya begi langu na kukimbia nalo, maana ndivyo tulivyokuwa tukisalimiana zamani. Nilimfukuza mpaka kwao huku nikicheka peke yangu. Nilipopata pumzi niliuliza, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli rasmi, baba yuko wapi.

"Yuko kisiwani na wenzake, wanavua," akasema Minza. "Atarudi giza likiisha."

Nikaona sawa. Giza likiisha ni asubuhi. Nililala na ujumbe wangu, nikaamka alfajiri kabla ya mtu yeyote, nikaenda kusimama mwaloni. Mitumbwi ilikuja kweli, taa za karabai zimezimwa, wanaume wamejifunika makoti, dagaa wanametameta kwenye ndoo. Niliwatazama usoni mmoja mmoja. Masanja hakuwemo. Nikarudi nyumbani, nikajiambia labda kesho.

Mchana Minza alinionyesha njia yake. Nasema njia yake kwa sababu aliimiliki. Ilianzia nyuma ya nyumba yao, ikapita kwenye mihogo, ikashuka mpaka kwenye mafunjo yaliyotupita urefu, ambapo ilibidi tupige makofi ili kenge watupishe. Halafu ilipanda kwenye mawe, mawe makubwa ya mviringo yaliyopangana mpaka majini, na huko juu upepo ulitukamata sketi. Minza aliyapa mawe yote majina. Lilikuwepo Sufuria, lilikuwepo Mwalimu Mkuu kwa sababu ya tumbo lake, na lingine aliliita Samuye, akasema ni kwa sababu ukilikalia linakuchoma. Alijua fukombe anapoweka kiota chake na ghuba ipi ina kiboko wa kuogopwa. Alijua pia pa kukanyaga ili usiteleze, na alinishika mkono bila kuombwa. Kila siku tulisogea mbele kidogo kuliko jana: siku moja mpaka kwenye ghuba ya mchanga mweupe, siku nyingine mpaka kwenye mkuyu ulioinamia maji, hatimaye mpaka kwenye rasi ya mwisho, ambako visiwa vilionekana vimelala kule mbali. Sijawahi tena kutembea kwa raha kama ile. Miguu yangu ilizoea mawe kuliko nilivyotarajia, na jioni nilikula ugali wa mhogo na dagaa mpaka Mama Minza akanisifu.

Ila kila alfajiri nilikwenda mwaloni, na kila alfajiri Masanja hakuja.

Siku ya tatu nilianza kuwa na wasiwasi. Siku ya nne nilijua. Wala msinicheke bado. Babu yangu mzaa baba alipofariki, watu wazima waliniambia amesafiri kwenda Kahama, na mimi nilikaa njiani juma zima nikisubiri aniletee miwa. Tangu hapo nilikuwa najua mtu mzima akisema fulani yuko mahali pasipoonekana, na atarudi muda ambao umeshapita, maana yake ni nini. Giza lilikwisha mara nne mbele ya macho yangu na baba wa watu hakurudi. Niliona wazi kwamba Masanja amezama, kwamba Mama Minza anajua na anaficha, na kwamba Minza, rafiki yangu, ndiye mtu pekee Nkome nzima asiyejua kuwa hana baba. Nilimwonea huruma sana.

Kwetu msiba una taratibu zake. Wafiwa hawafanyi kazi; majirani ndio huleta kuni, huchota maji na kupika. Nkome hakuna jirani aliyekuwa akifanya hivyo, nikaona watu wa ziwani hawana utu hata kidogo, nikaamua kuubeba msiba peke yangu. Nikawa natoka mwaloni alfajiri napitiliza kuchota maji, ndoo tatu. Nilifagia uwanja na kusugua masufuria kwa mchanga mpaka yakang'aa. Minza akishika mwiko nilimpokonya. Kwenye chakula nilimsogezea dagaa wangu. Nilimpa na kandambili zangu mpya, nikabaki peku.

Mama Minza alifurahi kupita kiasi. "Jamani, mtoto wa Samuye ana adabu! Minza, tazama mwenzio!" Alisimulia habari zangu mwalo mzima, nami nilitazama chini kwa huzuni, nikifikiri jinsi mwanamke yule alivyo jasiri.

Minza hakufurahi. Siku ya sita, tukiwa kwenye mafunjo, aligeuka akaniuliza, "Unajipendekeza nini kwa mama yangu?"

"Sijipendekezi."

"Unanifanya nionekane mvivu. Na mbona siku hizi huchezi? Ulikuja kutembea au kuja kuolewa?"

Ningemwambiaje? Nilimwacha aniseme, na ndani kwa ndani nikaona kwamba kule kurudi naye Samuye sasa si ujumbe tu, ni wokovu wake. Mtoto asiye na baba atakaa ziwani afanye nini? Lakini sikuwa tena na mtu wa kumpa ujumbe ule masikioni mwake, na mjomba alikuwa karibu kurudi.

Siku ya nane tulifika kwenye rasi ya mwisho. Maji yalikuwa shwari. Minza alinyoosha kidole kwenye kisiwa kimoja akasema, "Baba yuko kwenye kile pale," kwa furaha ya kawaida kabisa, akaanza kukipungia mkono. Hapo nilishindwa. Kumwona akimpungia marehemu kulinizidi nguvu. Nikamshika bega.

"Minza, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya baba."

Mkono wake ukashuka. Natamani kuwaambia kwamba alicheka, lakini hakucheka. Uso wake ulibadilika mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimwona akiogopa, yeye ambaye hakuogopa kiboko.

"Nani kakwambia?"

Kabla sijajibu alishageuka anakimbia. Ile njia tuliyoijenga kwa siku nane aliirudia yote bila kusimama: mkuyu, mchanga, mawe, mafunjo, mihogo. Nilimkimbilia peku nikilia, nikimwita, na hakugeuka hata mara moja. Nilipofika mwaloni alikuwa ameshafika kwa mama yake kwenye dagaa, amemshika kanga, anapiga kelele, "Baba kafa! Kabula anasema baba kafa!"

Wanawake wote wa mwalo waliacha kazi. Sasa hivi, nikiwa mtu mzima, nawaelewa: kila mmoja pale alikuwa na mwanaume wake kule majini, na kila mmoja alikuwa ameshasikia habari ya namna hiyo ikija kwa mdomo wa mtu anayekimbia. Mama Minza alinitazama.

"Umesikia kwa nani, mwanangu?"

"Sijasikia," nikasema. "Nimehesabu."

"Umehesabu nini?"

"Giza. Mlisema atarudi giza likiisha. Limeisha mara nane na mimi nakuja kila siku hapa kumwangalia na hayumo."

Kisha mama mmoja mnene aliyekuwa karibu yetu akakaa chini mchangani, akaanza kucheka, na akicheka mwanamke mmoja wa mwaloni basi wote watacheka. Walicheka wakashikana. Mmoja alimwaga ndoo. "Amehesabu giza!" walikuwa wanaambiana. Mama Minza naye aliketi, ila yeye nilimwona anacheka na machozi yanamtoka, mabega yanatetemeka muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe.

Alinivuta akanikalisha karibu yake, akanifundisha. Giza la wavuvi si la usiku mmoja. Ni zile siku za mwezi ambazo mbalamwezi haijakomaa, ambapo taa za karabai zinaweza kuwaita dagaa. Mwezi ukijaa, taa haina kazi tena, dagaa hawadanganyiki, na wavuvi wa visiwani hurudi nyumbani kupumzika mpaka mwezi upungue. Hilo ndilo giza kuisha. Na mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili au tatu tu ujae. Nilikuwa nauona kila jioni ukinenepa juu ya mihogo, mimi mtoto wa wafugaji ninayejua mwezi vizuri, na sikuujali. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliona na furaha pia, kubwa, kwamba Masanja yu hai, lakini hapakuwa na mtu wa kufurahi naye.

Maana Minza hakunisemesha. Alinirudishia kandambili zangu, akaziweka mlangoni zimepangwa. Kesho yake alitembea njia yake peke yake, nami nikamfuata kwa mbali kama mbuzi aliyefukuzwa, na alipokaa juu ya jiwe mimi nikakaa la nyuma. Alisema neno moja tu siku ile, bila kunitazama: "Ulimuua baba yangu." Ilikuwa kweli kwa namna fulani. Kwa mwendo wa ile njia nzima, kwake yeye, baba yake alikuwa amekufa.

Wavuvi wakarudi siku ya tatu yake, asubuhi jua limeshapanda. Watoto ndio waliowaona kwanza, wakaanza kuimba majina ya mitumbwi. Minza alikuwa anaosha vyombo, aliviacha. Aliingia majini na nguo zake zote mpaka kiunoni, na Masanja, mweusi kwa jua, ndevu zimejiotea ovyo, akaruka kutoka mtumbwini kabla haujagusa mchanga. Alimnyanyua juu kama mtoto mdogo, yeye binti wa miaka kumi na moja, naye Minza akamshika masikio kwa mikono miwili na kuyavuta, kuhakikisha. Baba mtu alicheka akiuliza kulikoni. Hakuna aliyemwambia.

Mimi nilisimama pale pembeni na ujumbe wangu.

Nilikuwa nimekuja nao kutoka Samuye, nimelala nao, nimeurudia moyoni kila alfajiri. Sasa masikio yenyewe yalikuwa haya, yameshikwa na Minza. Masanja alipotoka majini alinitambua, akanipa mkono unaonata. "Kabula! Mama yangu hajambo? Amekutuma nini?"

Niliutazama uso wake, nikamtazama Minza aliyekuwa bado ameshika shati la baba yake linalochuruzika maji. Kumi na moja ni umri mdogo wa kuamua mambo. Lakini nilishajua tayari jinsi Minza anavyokimbia akiambiwa hana baba, na nisingeweza kumkimbiza tena.

"Bibi anasema..." nikaanza. "Anasema mje. Nyote. Anataka kuwaona."

Masanja alifuta uso kwa kiganja ingawa ulikuwa umelowa tangu mwanzo.

"Amesema nyote?"

"Nyote."

"Hakuulizia ng'ombe?"

"Hapana," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Aligeuka akamtazama mke wake. Mama Minza akasema taratibu, "Mwezi umejaa, Baba Minza. Kazi hakuna. Hata siku kumi zipo." Hakuongeza jingine, mwanamke yule alijua kupima maneno. Masanja aliingia ndani, akakaa sana, akatoka amenyoa ndevu.

Mjomba Shija alipokuja tulipanda wote juu ya fuso, juu ya magunia ya dagaa. Minza alikaa upande mwingine wa gunia mpaka tulipoipita Geita. Hapo akasogea, akasema bado amenikasirikia, akalala begani kwangu mpaka Kahama.

Bibi Holo alikuwa uani anapepeta karanga. Masanja alishuka wa kwanza, akapiga magoti vumbini, akasema shikamoo, mama. Bibi hakuitika. Alimtazama, akamtazama mkwe wake, akamtazama Minza, kisha macho yake yakanifikia mimi, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Kabula," akasema, "nilikutuma nini?"

"Ulinituma Minza, bibi."

"Na hawa?"

Masanja aliinua kichwa, akanitazama, akamtazama mama yake, nami nikaona kabisa alivyoelewa yote: ujumbe ulikuwa upi, na mimi niliufanya nini. Angeweza kusimama pale pale akaondoka na aibu yake. Hakusimama. Alibaki magotini, na sauti ikamtoka nyembamba, si ya mvuvi wala ya baba wa mtu. "Shikamoo, mama."

Ungo uliinama mikononi mwa bibi, karanga zikadondoka, hakuziokota.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafua suruali." Kisha akanigeukia kwa ukali ambao haukumtisha mtu. "Na wewe unasimama nini? Kimbia kwa mama yako, mwambie aniazime sufuria kubwa. Yangu ni ya mtu mmoja."

Nilikimbia. Nililia na kucheka njia nzima, na nilipofika nyumbani mama aliniuliza nimetumwa nini, nikawa nimesahau.